Kijito kimoja, ofisi sita: namna ya kuwakusanya

Mwaka wangu wa kwanza wa uenyekiti wa mtaa hapa Lindi niliandika barua tano kuhusu kijito kimoja, kile kinachoteremka vilimani, kikapita nyuma ya nyumba zetu na kuishia kwenye mikoko. Kila ofisi ikanielekeza kwa mwenzake. Nilikasirika, kumbe hakuna aliyenidanganya. Maji yenyewe yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Makalavati, yale mapito ya maji chini ya barabara, ya mitaani ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; ya barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Takataka na vibali vya ujenzi, manispaa. Mikoko, TFS, wakala wa huduma za misitu. Anayemwaga uchafu mtoni anaripotiwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwa hiyo, mwenyekiti mwenzangu, usihangaike kumtafuta mwenye mto; wakusanye wote sita.

Usianze na kikao cha ukumbini. Watu watakunywa soda, watasaini mahudhurio, basi. Waalike kutembea. Mwombe mtendaji wa kata asaini mwaliko, maana barua ya mtaa pekee huishia chini ya mafaili. Chagua siku ya bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inapojaa saa kumi alasiri hivi. Anzeni juu saa nane. Mkifika mdomoni mwa kijito, kinapoingia baharini, mtakuta maji ya chumvi yanapanda kurudi kwenye kalavati. Mhandisi aliyeliona hilo kwa macho yake haulizi tena kwa nini mvua ya muda wa saa moja tu inatupandisha vitandani.

Kabla ya safari hiyo, paka namba kwa chokaa kila penye tatizo. Karatasi iwe na namba, tatizo, cheo cha mhusika, tarehe na sahihi. Ukiandika "manispaa ishughulikie" umeandika hewa. Sahihi zipatikane palepale matopeni, kabla watu hawajapanda magari.

Kazi ianzie mdomoni kwenda juu. Sisi tulikosea: ofisi moja ilizibua sehemu ya juu, ikarundika tope na pampasi ukingoni, na mvua ya kwanza ikazirudisha zote kwetu wa chini. Siku hizi, gari la kuzoa tope lisipokuwepo, koleo hazishuki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, inatosha kwa kazi za mikono.

Kuhusu zile mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda dhidi ya shughuli za kudumu za watu, nenda taratibu. Ukitanguliza alama nyekundu za X za kubomoa nyumba, utakosa hata wa kukushikia kamba ya kupimia. Mimi nilianza na akina mama wanaolima mchicha kando ya kijito. Ndio walionionyesha gari la majitaka linamwaga wapi usiku.

Tembeeni Septemba au Oktoba: mvua bado, na makadirio ya bajeti itakayoanza Julai 1 hayajafungwa. Orodha ipitishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aibebe.

Halafu watumishi huhamishwa. Nimeshapokea wahandisi watatu. Akija mpya, simsubiri ajitambulishe. Wiki hiyohiyo nampelekea nakala ya karatasi ile yenye sahihi ya aliyemtangulia, na jozi ya mabuti ya mvua.