Mambo ya kuweka sawa kabla ya kufunga ndoa katika Kanisa Katoliki

Cheti cha ubatizo kitafute mapema, na kiwe kipya, si kile kilichokaa sandukuni tangu kipaimara. Mashahidi wawili wafike kwa wakati. Mjomba wako padri, hata akiwa monsinyori, yaani padri mwenye cheo cha heshima, hafungishi ndoa katika parokia ya mwenzake bila ruhusa. Bila ruhusa hiyo ndoa ni batili. Umri: sheria ya Kanisa inataja miaka 16 kwa mvulana na 14 kwa msichana, lakini Katiba ya Uganda inataka 18. Hapo hakuna mjadala.

Sasa njoo kwenye lile swali la ofisini. Paroko atamwita kila mmoja peke yake na kuuliza: kuna anayekulazimisha? Wengi hujibu "hapana" kama wanaitikia hodi.

Binti wa jirani yetu kule Busia alijibu hivyo hivyo. Mimba ilikuwa ya miezi minne, ng'ombe wa mahari walishafika, mikutano ya harusi ilishachangisha, na baba alishaapa kumfukuza yeye na mama yake. Baba huyo alikuwa nje, amekaa juu ya bodaboda, anamsubiri. Binti akatia sahihi.

Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa inasema ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, wala hakuna binadamu anayeweza kuitoa kwa niaba yao. Ya 1103 inabatilisha ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa. Lakini ikishafungwa, huhesabiwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Binti huyo alipopeleka kesi kwenye mahakama ya Kanisa, akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe. Shangazi aliyesikia vile vitisho alishafariki, baba akakana. Tangu mwishoni mwa 2015 hukumu moja ya ubatili inatosha, si lazima tena irudiwe mahakama ya pili. Yeye hata hiyo moja hakuipata. Leo hawezi kuolewa tena kanisani.

Kwa hiyo mkiwa wawili tu na paroko, sema. Tarehe husogezwa. Michango hurudishwa, na kama imeshaliwa, shauri yao.

Masharti ya "akizaa ndiyo atakuwa mke wangu" nayo yanabatilisha ndoa. Kumficha mwenzako utasa ili tu akubali, vilevile. Mkatoliki anayefunga na Muislamu bila kibali cha askofu hana ndoa kanisani; kwa Mwanglikana omba ruhusa mapema. Na kadi zisichapishwe kabla ya matangazo ya ndoa kanisani kwisha.