Nichomee au nichomie? Namna ya kuchagua irabu ya mnyambuliko

Chukua kitenzi, ondoa -a ya mwisho, kisha tazama irabu ya mwisho iliyobaki. Ikiwa ni a, i au u, kiambishi cha kutendea (kumfanyia mtu jambo) kinaingia na i: kuna, nikunie nazi, pika, mpikie mgeni mbaazi. Ikiwa ni e au o, kinaingia na e: songa, nisongee sima, teleka, nitelekee chungu. Kwa hiyo muuza mhogo wa Mama Ngina, ufukweni Mombasa, unamwambia "nichomee", wala si "nichomie". Hali ni hiyo hiyo kwa -ish-/-esh- (kusababisha) na -ik-/-ek- (kutendeka): pikisha lakini chomesha, katika lakini someka.

Wengi hukosea kwa kutazama irabu ya kwanza. Katika pakua, inayoamua ni u, si a. Na hapo, kwa kuwa irabu mbili zimekutana, l hurudi katikati: nipakulie wali. Chomoa hutoa chomolea, ondoa hutoa ondolewa.

Kutendua, yaani kugeuza kinyume kilichotendwa, kuna kanuni yake, na ndiko kunakotega hata wajuzi. O hufuata o peke yake: chomeka, chomoa. E haifuatwi na o bali na u: tega hutoa tegua, teleka ina mwenzake epua, kama funga na fungua.

Vitenzi vya silabi moja vikariri tu: la, lia, liwa, fa, fia, nywa, nywea. Vya Kiarabu tazama irabu ya mwisho kabisa: jibu, jibiwa, samehe, samehewa, sahau, sahauliwa.