Somo: Kuandaa msimu wa sikukuu katika tawi lenu la wanajeshi wastaafu

Somo hili ni la ndugu zetu waliovaa gwanda la jeshi la Marekani, wakamaliza mkataba au wakastaafu, na sasa wamekabidhiwa kamati ya sikukuu kwenye tawi lao la American Legion au VFW (Veterans of Foreign Wars), vyama vya wanajeshi wastaafu wa Marekani. Wapo wa kutosha siku hizi: Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi, wengine walipata uraia wakiwa jeshini, na leo wanakaa meza moja na wazee waliopigana Vietnam. Kamati hii mara nyingi hupewa kijana kwa sababu ana nguvu. Ukipewa, ipokee kwa moyo.

Kuna jambo moja ninaloling'ang'ania katika hatua zote: mstaafu asifanywe mpokeaji tu. Mtu aliyezoea kubeba wenzake hunyong'onyea akigeuzwa kuwa wa kubebwa kila Desemba. Mpangilio ulio hapa chini unamtafutia kila mzee kitu cha kutoa.

Hatua ya 1: Septemba, mkutano wa mwezi

Wekeni kalenda ukutani. Tarehe 11 Novemba ni Veterans Day, siku ambayo mizinga ya Vita vya Kwanza ilinyamaza mwaka 1918. Tangu 1954 inawaheshimu wote waliotumikia jeshi. Siku ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Tarehe 7 Desemba watu hukumbuka shambulio la Pearl Harbor la mwaka 1941. Katikati ya Desemba kuna Jumamosi ya mashada makaburini, kisha Krismasi.

Chagueni mawili au matatu tu mtakayoyafanya vizuri. Bajeti ipigiwe kura na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, hata kama ni dola mia mbili. Kama tawi lenu la VFW linagawa yale maua mekundu ya Buddy Poppy, ambayo yamekuwepo tangu 1922, fedha zake zina mfuko wake wa kuwasaidia askari wenye shida na familia zao. Hazinunui mapambo ya ukumbi.

Hatua ya 2: Orodha ya simu

Hapa ndipo penye uzito wote. Chukueni daftari la wanachama, pamoja na wale ambao hawajalipa ada mwaka huu. Asiyelipa mara nyingi ndiye mwenye tatizo: amefiwa na mkewe, macho hayamruhusu tena kuendesha gari usiku, au fedha imekata na anaona haya kusema. American Legion ina utaratibu wake wa kujuliana hali kwa simu, unaitwa Buddy Check, kwa hiyo hamna haja ya kueleza sana mnachofanya. Gawaneni majina machache machache, ili anayepiga asiwe na haraka ya kukata.

Baada ya salamu, ulizeni mambo matatu. Siku ya Shukrani utakuwa na nani? Unafikaje dukani na hospitalini? Na la tatu, ambalo naomba sana msilisahau: mwaka huu utatusaidia kazi gani?

Majibu ya swali la tatu ndiyo yatakayoendesha msimu wenu. Aliyekuwa mpishi melini anajua kulisha watu mia bila kutoka jasho, mpeni jiko. Asiyeweza kutoka kitandani anaweza kuandika anwani kwenye kadi. Mwenye pikapu abebe maboksi. Aliyekuwa karani wa bohari atawapangia vitu kwa namna ambayo ninyi vijana hamtaiweza.

Ukisikia sauti iliyokata tamaa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Usikate simu. Muunganishe na laini ya msaada ya wastaafu: anapiga 988 kisha anabonyeza 1, usiku na mchana, na si lazima awe amejiandikisha VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wastaafu wa jeshi. Bandikeni namba hiyo kwenye friji ya ukumbi na kwenye kila kadi mtakayotuma.

Hatua ya 3: Vichezeo vya watoto

Njia nyepesi ni kuomba ukumbi wenu uwe kituo cha kupokelea vitu vya Toys for Tots, kampeni ya kuwapatia vichezeo watoto wenye shida. Kazi hii ilianza Los Angeles mwaka 1947. Mke wa Meja Bill Hendricks, mwanajeshi wa akiba wa Marine, alikuwa na mdoli wa kutengeneza kwa mkono, akataka apewe mtoto mwenye shida. Ikaonekana hakuna chama cha kuupeleka, naye akamwambia mumewe akianzishe. Mwaka uliofuata jeshi la Marine likaichukua iwe kazi ya nchi nzima.

Mnaomba kwa mratibu wa eneo lenu kupitia tovuti yao, naye anawaletea boksi. Vitu viwe vipya, na visifungwe kwa karatasi ya zawadi, kwa sababu vinapangwa kwa umri. Kila mwaka vya watoto wadogo hujaa na vya miaka 11 hadi 14 huwa haba. Watangazieni watu mapema: mpira wa kikapu, vifaa vya kuchora, spika ndogo.

Hatua ya 4: Hospitali ya VA

Msitokee mlangoni na mifuko. Pigeni simu ofisi inayosimamia watu wa kujitolea, mwombe orodha ya mahitaji na masharti. Mara nyingi mtasikia soksi, suruali za mazoezi za saizi kubwa, vitu vya kuogea visivyo na manukato, vitabu vya mafumbo vyenye herufi kubwa. Kuhusu chakula cha kupika nyumbani, ulizeni kabla hamjawasha jiko. Wagonjwa wengi wamekatazwa chumvi na sukari, na wodi nyingine hazipokei kabisa.

Sasa nitawaambia kitu ninachokipenda kuliko vyote katika msimu huu. American Legion Auxiliary, chama cha wenza na familia za wanachama, hufungua hospitalini kile wanachokiita Gift Shop. Wanapanga meza kama duka: blanketi, vichezeo, pochi, vyombo vya jikoni. Mgonjwa anakuja kwa kiti cha magurudumu, anazunguka, anachagua zawadi ya mkewe, ya mwanawe, ya mjukuu. Halipi hata senti. Watu wa kujitolea wanaifunga na kuituma kwa posta. Mgonjwa aliyelala wodini miezi mitatu anapiga simu nyumbani kumwambia mjukuu wake asubiri kifurushi. Anatoa. Heri nusu ya bajeti yenu iingie hapo kuliko kwenye vikapu vya peremende.

Anayeshindwa kutoka wodini, mpelekeeni duka kwa toroli. Na mmoja wenu awe na kazi moja tu: kukaa na kusikiliza bila kutazama saa.

Hatua ya 5: Chakula

Kikapu cha Siku ya Shukrani kikifika Jumatano ni usumbufu. Bata mzinga aliyeganda anahitaji takriban saa 24 ndani ya friji kwa kila kilo mbili, hivyo wa kilo saba anataka siku tatu hadi nne. Pelekeni Jumamosi. Kwa mzee anayeishi peke yake, kuku mmoja mdogo anatosha, tena anaingia kwenye oveni yake. Ukumbini, kipimajoto kichomekwe sehemu nene ya paja mpaka kisome nyuzi 74 za Selsiasi, yaani 165 kwa kipimo cha Marekani, na chakula kisikae mezani zaidi ya saa mbili.

Ongezeni pilau na chapati, na pondu (kisamvu) kama mna Wakongomani. Wako wazee wa jeshi la majini waliotia nanga Mombasa miaka ya 1980, na harufu ya bizari itawatoa hadithi ambazo tawi zima halijawahi kuzisikia.

Baa ifungwe wakati wa chakula. Nalisema hili kwa uzito, ingawa najua baa ndiyo inayolipa umeme wa kumbi nyingi. Kuna mwenzenu aliyeacha pombe miezi michache iliyopita, na kuna Waislamu wenye watoto. Wote hao ni wenye ukumbi.

Wekeni ile meza ya askari ambao hawakurudi: ndogo, ya duara, kitambaa cheupe, kiti kitupu, waridi jekundu, mshumaa, kipande cha limau kwa uchungu wa yaliyowapata, chumvi kwa machozi ya wanaongoja, na glasi iliyopinduliwa. Mmoja asome maana yake kabla ya sala. Watoto wasiwekwe nyuma. Hilo ndilo somo lao.

Hatua ya 6: Mashada makaburini

Mwaka 1992 Morrill Worcester, mwenye kampuni ya mashada kule Maine, alibakiwa na mashada mengi, akayapeleka makaburi ya Arlington. Kutokana na hapo ikakua Wreaths Across America, inayofanyika makaburini nchi nzima Jumamosi moja ya Desemba. Agizeni mapema kupitia kikundi kinachosimamia makaburi ya mji wenu. Shada linaegemezwa kwenye jiwe, utepe ukiwa juu, kisha unarudi hatua moja na kutaja jina la marehemu kwa sauti. Majina yatajwe vizuri, bila kukimbilia jiwe linalofuata. Penye Nyota ya Daudi pitani bila kuweka, isipokuwa familia imeomba.

Hatua ya 7: Januari

Mashada yaondolewe. Hesabu zisomwe kikaoni, na saa za kujitolea ziandikwe, kwani makao makuu huziomba kwenye ripoti ya mwaka. Kisha rudieni orodha ya simu kuanzia jina la kwanza. Desemba kila mtu anawakumbuka wazee. Wiki ya pili ya Januari simu yako itakuwa peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Iowa: *Tawi letu ni la watu kumi na wawili, nusu yao wamepita miaka 75. Tutaweza nini?*

Hatua ya 2 na kuku. Kweli kabisa. Pigeni simu zote, kisha pelekeni mlo kwa watakaokuwa peke yao, na anayepeleka ale nao. Vichezeo na mashada waachieni matawi makubwa. Nendeni kama wageni wao.

Dada wa Texas: *Mume wangu alikuwa KDF, jeshi la Kenya, na alipelekwa Somalia na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Anaweza kujiunga?*

Pole na hongera kwake, dada. Uanachama kamili hapana, kwa sababu unategemea utumishi katika jeshi la Marekani. American Legion inapokea aliyetumikia angalau siku moja ya utumishi kamili jeshini (active duty) tangu tarehe 7 Desemba 1941 na kuondoka kwa heshima. Sheria iliyofungua mlango huo ni ya 2019. VFW inadai zaidi, yaani awe ametumikia nje kwenye eneo la vita linalotambulika. Ila kujitolea anaruhusiwa, na mtu aliyelala mahandakini Somalia ataelewana na wazee hao haraka sana. Kama wewe ndiye uliyetumikia hapa, anaweza kuingia Auxiliary kama mwenzi wako, kwani tangu 2019 wanapokea waume pia. Na kwa upande wa nyumbani asiipoteze DEFOCA, chama cha wastaafu wa jeshi la Kenya.

Kaka wa Kentucky: *Kuna familia za wakimbizi kutoka Kongo zilizofika Oktoba. Je, watoto wao wanaweza kupata vichezeo?*

Familia ndiyo inayoomba, kwenye ukurasa wa kampeni ya eneo lake, na kila eneo lina masharti yake na tarehe yake ya kufunga, mara nyingi mapema kuliko watu wanavyodhani. Msaidie mama kujaza fomu wiki hii, usimwachie mtoto wa darasa la tano atafsiri. Ila kwao kuna haja kubwa kuliko vichezeo: makoti. Mtu aliyetoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, hajawahi kukutana na theluji. Wekeni boksi la pili ukumbini la makoti, glovu na buti za watoto. Wazee wa tawi hupenda kazi hii wakielezwa wanamvisha nani.

Mwanachama wa Minnesota: *Sisi Waislamu tukisaidia vichezeo si tunasherehekea Krismasi?*

Hukumu ya dini muulize shehe wako, si mimi. Ninachoweza kusema ni kuhusu kazi: kuchagua boksi, kuendesha gari, kukaa na mgonjwa na kupeleka makoti havina ibada ndani yake. Mwambie mkuu wa tawi mapema usiyoyafanya, atakupangia mengine. Na tarehe 25 Desemba, wenzako wakitaka kuwa na watoto wao, zamu ya hospitali ichukueni ninyi. Sikukuu ya Idi ikifika, waombeni nao warudishe zamu.

Dada wa Maine: *Tunataka kuchangisha kwa bahati nasibu ya kikapu. Kuna tatizo?*

Linaweza kuwepo. Bahati nasibu inatawaliwa na sheria za jimbo, na majimbo mengi hutaka kibali au usajili hata kwa chama kisicho cha faida. Mwulize katibu wa tawi kama kibali kipo na kinaisha lini kabla hamjachapa tiketi.

Mwanachama wa Ohio: *Jirani yangu alipigana Vietnam. Kila nikimkaribisha anajibu hataki kitu cha mtu. Nimwache?*

Usimwache, ila badilisha unachomwomba. Umekuwa ukimwambia njoo ule. Mwambie una bata mzinga wanne wa kukatakata Alhamisi saa nne asubuhi na hakuna anayejua kushika kisu. Mpitie na gari saa tatu na nusu, aproni yake ikiwa tayari kwenye kiti cha mbele. Akikataa tena, mpelekee kadi thelathini na bahasha, mwambie utazipitia Jumatatu, halafu Jumatatu uende.