Risasi za kujaza mwenyewe kwa mtutu mfupi: anza kwa kulungu, urudi nyuma hadi kwenye bunduki

Nimekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo kulungu wangu wa kwanza nilimpiga nikiwa mtu mzima, huku Minnesota, Marekani. (Tunamwita kulungu kwa mazoea tu, huyu wa mkia mweupe si yule wa misitu ya nyumbani.) Bunduki yangu ni ya kaliba ya .308 Winchester, yenye mtutu wa inchi 16. Nawindia ndani ya kibanda cha turubai katikati ya vichaka, na mtutu mrefu hugonga nguzo kila ukigeuka. Inchi 16 ndio mpaka wa sheria ya serikali kuu kwa raifeli. Ukishuka hapo unaingia kwenye usajili mwingine kabisa, kwa hiyo weka msumeno chini.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anajaza risasi zake, yaani anaziunda mwenyewe kwa ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kinachoruka, na ana kitabu cha vipimo mezani. Kiasi cha baruti sitakiandika hapa. Hata rafiki akikutumia chake kwa WhatsApp, usikitumie kabla hujakiona kwenye kitabu cha watengenezaji.

Hatua ya 1: pima umbali wako wa kweli

Nenda mahali utakapokaa, uangalie mwanya ulio mbali kuliko yote ambao ungethubutu kupiga. Wangu ni yadi 140. Andika namba hiyo ukutani juu ya meza ya kujazia. Wengi wanajaza risasi za yadi 400 halafu wanapiga kulungu aliye yadi 60.

Hatua ya 2: pata kasi yako, achana na ya kitabuni

Boksi la .308 lenye vichwa vya greni 150 (karibu gramu 10) huandikwa futi 2,820 kwa sekunde. Kasi hiyo imepimwa kwa mtutu wa inchi 24. Kwa .308, kila inchi unayoipunguza inakula kama futi 20 hadi 30 kwa sekunde. Wangu, kwa kichwa hichohicho, ulinipa wastani wa 2,590. Utaijua yako kwa kronografu peke yake, kile kifaa cha kupima kasi ya risasi. Kama huna, azima, au uliza kwenye uwanja wa shabaha. Hapakosi mwenye nayo.

Utasikia pia kwamba mtutu mfupi unataka baruti inayoungua haraka. Mimi niliamini hivyo msimu mzima. Kwa kawaida baruti inayotoa kasi kubwa kwenye mtutu mrefu ndiyo inayoshinda hata kwenye mfupi. Ile ya haraka inaweza kukupunguzia mwako na mshindo kwenye mdomo wa mtutu, na jioni gizani hilo si jambo dogo, lakini usitegemee ikuongezee kasi. Mtutu mfupi una kelele mbaya. Ziba masikio hata ukiwa kibandani.

Hatua ya 3: chagua kichwa kwa kasi ya kufikia, si ya kuondokea

Hapa ndipo nilipoumbuka. Kabla ya .308 nilikuwa na .300 Blackout, kaliba yenye ganda dogo na kasi ndogo zaidi, nayo ya inchi 16. Vichwa vya kaliba hizo mbili vina kipenyo kimoja, na mimi nilikuwa na boksi la vichwa vya greni 150 vilivyotengenezwa kwa kasi ya .308. Nikaona nisivitupe. Vilitoka mdomoni kwa futi 1,900 hivi, na shabaha ilikuwa nzuri mno, matundu matatu yanagusana. Novemba nikampiga dume kama yadi 120, nyuma ya bega, pale pale nilipolenga. Akaondoka kama hakuguswa. Nilifuata matone ya damu, moja hapa, jingine hatua kumi mbele, kwa saa mbili hadi ukingoni mwa kinamasi. Nilipomchuna, tundu la kuingilia na la kutokea yalilingana, kila moja ukubwa wa penseli. Kichwa kilipita bila kufunguka. Mnyama aliteseka kwa ubahili wangu.

Kwa hiyo fanya hesabu hii. Chukua kasi ya kronografu, iingize kwenye programu ya balistiki (inayokokotoa mwendo wa risasi hewani) pamoja na namba za kichwa chako, usome kasi itakayobaki kwenye umbali wa hatua ya 1. Kisha tafuta kwa mtengenezaji kasi ya chini ambayo kichwa hicho kinafunguka. Vingi vya risasi nyeusi (yale madini ya risasi, lead) vimewekewa takriban futi 1,800. Vya shaba tupu mara nyingi 2,000. Mimi nataka nibaki juu ya mpaka huo kwa futi 200 au zaidi. Vichwa vizito vya .300 Blackout vinavyokwenda chini ya kasi ya sauti viache kabisa kwa kulungu, isipokuwa vile vilivyoundwa makusudi vifunguke kwa mwendo huo.

Nyumbani wanangu wanakula nyama hii, nami sitaki vipande vya risasi nyeusi kwenye pilau, kwa hiyo natumia shaba. (California imelazimisha risasi zisizo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019.) Ukihamia shaba kwenye mtutu mfupi, shuka uzito. Mimi nilitoka greni 150 nikaenda 130. Kwa yadi 140 bado kina kama futi 2,450. Lakini kichwa cha shaba ni kirefu kuliko cha risasi nyeusi chenye uzito uleule, kinachukua nafasi ndani ya ganda, hivyo tafuta vipimo vyake chenyewe. Usiazime vya kichwa kingine.

Hatua ya 4: piga karatasi kukiwa na baridi

Baruti nyingine hubadilika na hali ya hewa. Ulizojaribu Julai ukiwa na fulana zijaribu tena asubuhi ya mwisho wa Oktoba, na mtutu ukiwa baridi. Kundi la matundu kumi lenye upana wa inchi 2 kwa yadi 100 linanitosha. Eneo la moyo na mapafu ni kama inchi 8. Kundi la matatu yanayogusana nimeshakuambia lilinifikisha wapi.

Hatua ya 5: pitisha kila risasi kwenye chemba, pale inapokaa ndani ya bunduki

Kabla ya safari, uwanjani, mdomo ukielekea kwenye tuta, ingiza na utoe kila risasi utakayobeba. Inayokwama iache nyumbani. Kwenye boksi andika kichwa, baruti, fataki, tarehe na bunduki.

Mwaka jana mzee jirani, mtu mkarimu sana, aliniletea ishirini alizozijaza kwa bunduki yake. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, na sijazipiga wala sitazipiga. Sijui alichoweka ndani. Mpango wangu ni kuvunja kila moja kwa nyundo ya kuvutia vichwa, nimwage baruti yake, nibaki na maganda. Ni maganda mazuri.