Somo la Jumamosi: kupachika mchezo kwenye kazi za nyumbani

Wanakikundi, habari za ziwani na habari za nchi kavu. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alilalamika kwamba nyumba yake imekuwa kama stendi: watu wanaingia, wanakula, wanalala, alfajiri wanatoka. Nikaahidi somo, na leo nalipa deni.

Kwanza niseme kosa langu. Nilipostaafu ualimu nilijipangia "saa ya michezo" na wajukuu, saa kumi na mbili jioni. Haikumaliza wiki. Leo mgeni, kesho umeme umekatika, keshokutwa mgongo. Tangu hapo sitengi muda wa kucheza. Nachukua kazi ambayo ingefanyika tu, napachika mchezo humo.

Hatua ya 1. Chagua kazi moja inayokuchosha. Moja tu. Yangu ni kuchambua maharage. Maharage yanayoshuka kutoka vijijini kuja hapa Kigoma mjini ni matamu, lakini mawe yake nayo yamo.

Hatua ya 2. Weka sharti moja, fupi. Kwetu sharti ni hili: anayeokota jiwe ndiye anayetega kitendawili. Ungo katikati, sisi watano tumeuzunguka. Mtu akipata jiwe analidondosha kwenye kikombe cha bati, linalia *ti!*, naye anapaza sauti: "Kitendawili!" Tunaitikia: "Tega!" Tukishindwa anadai mji. Ukimpa Ujiji anakataa, Ujiji anakwenda kwa miguu. Ukimpa Tabora anakubali, kisha anatueleza alivyokwenda huko, akala maembe mpaka akasahau treni, ndipo anatoa jibu.

Vya zamani vikiisha, watunge vyao. Mjukuu wangu wa darasa la nne alitega hiki: "Nyoka wa bibi, mkia uko Dar, kichwa kinakunywa maji ziwani." Jibu ni reli. Nikachomekea somo la historia palepale, kwamba reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwalimu hastaafu mdomo.

Wiki ya pili nikaona mawe yamezidi, mengine yana rangi ya kokoto za uani kwetu. Watoto walikuwa wanayapanda kwenye ungo ili wapate zamu. Basi, chunguzeni vikombe vyenu.

Hatua ya 3. Tumia muda wa kungoja. Maharage yakishabandikwa, kama hukuyaloweka, una kungoja kwa muda mrefu. Hapo ndipo pa mdako. Najua wasichana wengi wa siku hizi hawaujui, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Chimba kashimo kenye upana wa kikombe cha chai. Weka humo vijiwe 12. Shika ndimu moja (wengine hutumia jiwe, likikuangukia ukuchani utanikumbuka). Rusha ndimu juu, kwa mkono huohuo komba vijiwe vyote vitoke shimoni, kisha daka ndimu kabla haijagusa chini. Rusha tena, sasa virudishe vyote shimoni ila kimoja. Hicho ni chako, kiweke pembeni. Ukirudisha vyote, ukibakiza viwili, au ndimu ikaanguka, umeungua, mpishe mwenzako. Anayejifunza hutazama vijiwe, ndiyo maana anaungua. Tazama ndimu. Na usiirushe hadi kwenye mwembe, ikivuka kidogo paji la uso inatosha.

Hatua ya 4. Wenye nyumba zinazotazama ziwa, hesabuni taa. Sisi hufanya hivi wakati wa kuanua nguo. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo mitumbwi hutoka giza likiingia na taa zake. Zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Kila mmoja anataja idadi kabla ya kutazama, halafu tunahesabu. Aliyekaribia zaidi haoshi vyombo. Ugumu ni kwamba taa hazitulii. Mbili zinakuwa moja, moja inajificha, na usiku mmoja tulibishana na nyota iliyoinamia milima ya Kongo. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa vizuri, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Mimi nilisahau hilo, nikataja arobaini. Mjukuu wa mwisho akataja sifuri. Nikaosha vyombo.

Hatua ya 5. Mkubwa acheze kweli. Usicheze huku unatazama simu, wala usijishindishe kwa uongo. Watoto wanajua.

Maswali sasa.

Mama wa Gungu: Shikamoo mwalimu. Mume wangu anasema haya ni mambo ya kitoto.
*Jibu:* Marahaba mwanangu. Usimbembeleze. Weka ubao wa drafti mlangoni, vizibo 12 vya soda huku na 12 kule, ucheze na mtoto, halafu ufanye kosa la wazi kabisa. Hakuna mwanamume atakayepita hapo akanyamaza.

Kijana wa Mwanga: Mimi nimepanga chumba, niko peke yangu. Nicheze na nani?
*Jibu:* Nenda wanapocheza bao. Siku za kwanza kaa utazame tu. Mashimo ni 32 na kete ni 64, zitakuchanganya, ni kawaida. Usimfundishe mtu asiyekuomba, utafukuzwa. Siku moja mmoja atachelewa kufika, nao watakugeukia.

Mjomba wa Kasulu: Mwakeye! Huku hatuna ziwa, na magoti yangu hayachuchumai tena.
*Jibu:* Mwakeye, kaka. Mdako ucheze mkekani umenyoosha miguu. Badala ya shimo, chora duara kwa chaki. Taa waachie watu wa ziwani. Wewe hesabu pikipiki zinazopanda kilima na abiria zaidi ya mmoja.

Dada wa Katubuka: Wangu akishindwa analia mpaka jirani anakuja kuuliza.
*Jibu:* Mtie upande wako, muwe wawili dhidi ya wengine. Akishindwa mnashindwa pamoja, na wewe ndiye unayelalamika kwa sauti. Yeye ataanza kukubembeleza.

Mama wa Gungu tena: Na wale waliopanda kokoto kwenye maharage, uliwachapa?
*Jibu:* Ningewachapaje? Siku ile na mimi nilikuwa na mbili nimezifunga kwenye pindo la kanga.