Arubuni ya nyumba Nairobi: masharti kwanza, malipo baadaye

Anayenunua nyumba Nairobi kwa desturi huweka asilimia 10 ya bei anapotia saini mkataba wa mauziano. Kwa nyumba ya shilingi milioni 8, arubuni hiyo ni shilingi 800,000, ambazo kwa wengi wetu ni akiba ya miaka mingi ya chama. Kwa hiyo, kabla ya kuzitoa, hakikisha unajua ni nani atakayezishika na ni katika hali gani utarudishiwa.

Kwanza utaletewa barua ya ofa. Niliyoletewa mimi Donholm ilikuwa ya ukurasa mmoja, na juu tu ya nafasi ya saini palikuwa na mstari uliosema kwamba malipo ya kushikilia nyumba hayarudishwi kwa sababu yoyote ile. Wakili wangu aliukata kwa kalamu, akaandika kwamba fedha zote zitarudishwa iwapo rejista ya ardhi itaonyesha kasoro, kisha mimi na muuzaji tukatia saini pembeni. Ajenti alikuwa ameniahidi vivyo hivyo kwa mdomo, lakini sheria ya Kenya hudai mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, uliotiwa saini na pande zote mbele ya shahidi.

Fanya sachi rasmi, yaani ukaguzi wa rekodi za nyumba kwenye rejista ya ardhi, kabla ya kulipa chochote. Kwa Nairobi huduma hiyo hupatikana kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni uliozinduliwa mwaka 2021. Linganisha jina la mwenye hati na kitambulisho cha muuzaji, kisha utazame kama pana deni la benki au tahadhari (zuio la kisheria dhidi ya kuuzwa) iliyowekwa na mtu mwingine. Ikiwa nyumba ni ya familia, idhini ya mume au mke wa muuzaji nayo iandikwe.

Arubuni ilipwe kwenye akaunti ya mawakili wa muuzaji, na mkataba useme wazi kwamba wanaishika kwa niaba ya pande zote mbili hadi mauzo yakamilike. Usiitume kwa simu ya ajenti, hata akikuambia kuna mteja mwingine anayesubiri nje.

Sharti linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni la mkopo. Kuandika tu kwamba ununuzi unategemea benki hakutoshi, kwa maana maneno hayo hayana kiasi wala tarehe, na mkivutana kila upande utayasoma upendavyo. Afadhali kuandika hivi: “Iwapo mnunuzi, baada ya kuomba kwa nia njema, hatapata mkopo wa angalau shilingi milioni 6 ndani ya siku 45, mkataba utakoma na arubuni yote itarudishwa ndani ya siku 14.” Bila sharti kama hilo, benki ikikukatalia huku muda wa kukamilisha, ambao mara nyingi ni siku 90, ukiisha, muuzaji anaweza kudai kwamba ni wewe uliyevunja mkataba na kuizuia arubuni.

Ukinunua pembezoni, kwa mfano Kiambu au Kajiado, uliza kama ardhi ni ya kilimo. Ikiwa ndivyo, idhini ya bodi ya ardhi lazima iombwe ndani ya miezi sita. Ikikosekana, mauzo ni batili, ingawa sheria hukuruhusu kudai ulicholipa kama deni.

Mkataba ukishatiwa saini, mwombe wakili wako asajili tahadhari kwenye rejista ili nyumba isiuzwe kwa mwingine ungali unasubiri.