Namna ya Kufanya Maarifa ya Jumla Yakae Kichwani

Kosa kubwa la wanaojifunza maarifa ya jumla ni kusoma orodha ile ile tena na tena. Kila unaporudia, jibu linazoeleka machoni, nawe unadhani unalijua. Ukiulizwa ghafla, unababaika. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha hili: baada ya dakika 5, wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja, waliojipima ndio walioongoza.

Kwa hiyo funika jibu. Andika swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili. Kadi mpya 10 kwa siku zinatosha kabisa. Jipe sekunde 10 hivi kabla ya kugeuza, na ukisie hata kama huna uhakika. Kosa ulilolifanya kwa kujiamini, likisahihishwa papo hapo, hurekebika vizuri kuliko kosa la kubahatisha. Anayeshikilia kwamba mji mkuu wa Australia ni Sydney, akiambiwa ni Canberra, hushtuka, na mshtuko huo humfanya azingatie. Usiishie hapo, ongeza sababu: eneo la Canberra lilichaguliwa mwaka 1908 ili kumaliza ushindani wa Sydney na Melbourne. Jibu lisilo na sababu huponyoka upesi.

Rudia baada ya siku 1, kisha 3, 7 na 21. Ukikosa, kadi irudi mwanzo.

Jina likikukwama ulimini, jaribu kwanza herufi yake ya mwanzo. Likigoma, litazame, ulitamke kwa sauti, kisha ujiulize tena siku hiyo hiyo.